Kwa Nini Tunaanzia kwa Mukecuru Veneranda

Siku mliyoniaga hotelini kwa keki na soda, Claudine, ambaye ndiye mpya kuliko wote katika kazi yetu ya kuongoza wageni kuvua, aliniuliza swali lililokuwa zuri kuliko hotuba zote zilizosomwa. "Maman Espe, juu ya nini kila mugeni lazima akae kwanza kwa Mukecuru Veneranda? Samaki iko kwa mto, haiko kwa ule mukecuru." Watu walicheka. Mimi nilikuwa na keki mdomoni, na meneja alikuwa anatupanga kwa ajili ya picha, basi swali likapita. Kichwani mwangu halikupita. Nimekaa nyumbani wiki hizi bila fimbo ya kuvulia wala uzi mkononi, nikaona nimjibu kwa maandishi, na ninyi wengine msome.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu nusu yenu mmetoka upande wa Goma na nusu mmekulia huku Rwanda, Rugerero, na mimi nilizaliwa Karagwe, Tanzania, wazazi wangu wakiwa wakimbizi. Najua mnakicheka Kiswahili changu mkisema ni cha redio. Chekeni, lakini someni.

Niliingia hotelini kama fundi wa cherehani. Chumba changu kilikuwa nyuma ya chumba cha dobi, kina dirisha moja linalotazama ziwa, ila ziwa lenyewe lilikuwa limezibwa na kamba ya mashuka. Nilishona mapazia, nikaziba matundu ya vitambaa vya meza, nikapunguza suruali za wahudumu waliokuwa wafupi kuliko suruali. Ni kazi ya heshima, na sikuwahi kuidharau. Shida yangu ni moja tu, nayo mama yangu aliiona mapema: napenda kujua. Nikipewa kitu kilichoshonwa, kabla sijakirekebisha nataka kukifumua nione kimeshikanaje.

Ndivyo nilivyokutana na Monsieur Albert. Alikuwa mzungu mzee, mwalimu wa muziki aliyestaafu, mrefu na mwenye aibu, na kila kiangazi alikuja kukaa hotelini kwetu. Wageni wengine waliomba chumba kinachoona ziwa. Yeye aliomba kinachoona milima. Siku moja aliniletea kizibao chenye mifuko mingi, mmoja umechanika, na kwenye kola kulikuwa kumechomekwa kitu kidogo kama mdudu. Nilikigusa, kikanichoma. Kilikuwa ndoano, imevikwa manyoya na uzi hadi ikafanana na nzi, na tayari samaki alikuwa ameitafuna nusu. Aliponiona nikikikodolea macho akaniuliza kwa Kifaransa kama ningeweza kukitengeneza. Nikasema ndiyo. Sikujua chochote, lakini uzi ni uzi.

Nilikifumua chote mezani. Ndani kulikuwa na utaratibu mzuri ajabu: uzi ulianza karibu na tundu la ndoano, ukaenda nyuma, ukabana mkia, ukarudi ukizungusha mwili, halafu unyoya ukazungushwa shingoni kama ukosi wa koti. Nikakishona upya kwa uzi wa pazia na unyoya wa jogoo niliouokota nyuma ya jikoni. Kesho yake Monsieur Albert alirudi akitabasamu hadi masikioni, na nyuma yake alikuwepo mtu mfupi mwenye kofia ya sufi, aliyetembea kwa utaratibu kama anayeogopa kuamsha mtoto.

Huyo alikuwa Mzee Kambale. Kule nilikozaliwa kambale ni samaki wa matope mwenye masharubu, kwa hiyo nilipolisikia jina ilibidi niiname nitafute sindano iliyoanguka, ingawa hakuna sindano iliyokuwa imeanguka. Mzee Kambale alikuwa wa Goma. Ujanani alifanya kazi kwenye mashamba ya ng'ombe katika milima ya Masisi, ambako wenye mashamba wa zamani waliweka samaki wa baridi kwenye vijito, wale ambao Wafaransa huwaita truite na sisi tukawaita trauti. Alianza kwa kubeba mkoba wa bosi, akaishia kumfundisha bosi. Kila kiangazi alivuka mpaka pale petite barrière asubuhi, pamoja na akina mama wenye beseni za karoti, ili amwongoze Monsieur Albert milimani.

Aliichukua ile ndoano yangu, akaitazama kwa jicho moja. "Njo we ulifunga hii?"

"Ndiyo mimi, Mzee."

"Bon. Iko muzuri. Lakini we fundi wa nguo, unashoneaka mutu mwenye hujamupima?"

Nikasema hapana, fundi hashoni bila kupima.

"Donc kesho unakuja kumuona mwenye unamushonea."

Siku yangu ya kwanza mtoni sikugusa fimbo. Tulipanda pikipiki hadi mwisho wa barabara juu ya Rugerero, tukaendelea kwa miguu. Jina la kijito hamtalipata hapa. Ninyi mnalijua, na wasiolijua watatusamehe. Nilivaa kitenge changu cha manjano chenye ndege wakubwa, kwa sababu nilidhani ni matembezi. Mzee Kambale alinisimamisha mbali na maji. "Samaki banaona ule kitenge tangu tuko Goma," akasema, na akanipa koti lake la kijani.

Kisha akatoa mfukoni chujio la chai. Lilikuwa la jiko letu la hoteli, mpishi alikuwa amelitafuta asubuhi nzima. Akaingia majini hadi magotini, akageuza jiwe, akatega chujio chini ya mkondo, akaniletea. Nilidhani nitaona mchanga. Niliona wadudu, wengine bapa kama mbegu za maboga wenye mikia mitatu, wengine wamejijengea vijumba vya changarawe na kujificha ndani. Nilikaa chini. Miaka yote nimevuka vijito nikienda kanisani, nikienda sokoni, na sikuwahi kufikiri kwamba chini ya jiwe kuna mtu anajenga nyumba.

"Sasa pima," akasema Mzee Kambale.

Ndiyo sababu, vijana, huwa nawakasirikia mkimpa mgeni nzi kutoka kwenye sanduku kabla hamjageuza jiwe hata moja. Mto unaulizwa kwanza. Mwanzoni mwa kiangazi, maji yakiwa bado na rangi ya chai ya maziwa, samaki anataka kitu cheusi na kinene. Yakishatakata anataka kidogo, kijivu, kisicho na mbwembwe. Na kila baada ya mvua kubwa mto umehama: dimbwi ulilolijua limejaa changarawe, na pale ulipovuka mwaka jana utazama hadi mfukoni. Chini kule Rugerero maji hayo hayo huingia sebuleni mwa watu. Huu ni mto wa kuheshimu, hata ukiuona kiangazi umelala.

Vifaa vyangu nilivipata nilipokuwa. Manyoya ya shingo ya jogoo mwekundu, si wa kisasa, yule wa kienyeji anayekimbizana na pikipiki. Nywele za sungura. Nyuzi za shaba kutoka kwenye waya za chaja zilizokufa, maana hoteli ina makaburi ya chaja. Mgeni mmoja aliwahi kuniletea unyoya wa umusambi, yule ndege wetu mwenye taji, akidhani amenifurahisha. Nilimwambia ndege huyo analindwa, aurudishe alikoutoa. Kitu pekee nilichokosa ni jiliwa dogo la kubania ndoano. Mzee Kambale alikuwa nalo la chuma, lililopoteza rangi, na hakumwachia mtu.

Kurusha uzi nilijifunza kwenye majani mbele ya hoteli, mwisho wa uzi ukiwa na kipande cha sufi badala ya ndoano. Hiyo ilikuwa busara, kwani siku ya kwanza nilivua kofia ya mtunza bustani na siku ya pili nikaangusha sinia la mhudumu. Mzee Kambale alikaa kwenye kiti akinywa chai. "Mukono yako inakimbia. Acha uzi imalize kuongea nyuma, njo uirudishe mbele." Nilikuwa na umri wa mama wa watoto watatu, nikichapa hewa mbele ya wageni waliovaa nguo za kuogelea. Wahudumu walinipa majina. Waendesha pikipiki waliniuliza kama mume wangu anajua. Mume wangu alijua, na yeye ndiye aliyenikamatia jogoo.

Basi nikaacha cherehani, kwanza siku mojamoja, halafu kiangazi kizima. Nilipenda kila kitu cha kazi ile. Nilipenda baridi ya maji kupita kwenye suruali ya mpira, nilipenda wageni walivyonyamaza wakifika, hata wale waliokuwa wamepiga kelele njia nzima. Nilipenda kwamba hakuna aliyejua hao samaki walifikaje katika kijito chetu. Mzee Kambale alisema waliletwa na mwenye shamba fulani, kwenye mapipa ya maziwa. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi alisema walinyesha na mvua, na alisema kwa uso mkavu kabisa. Nimeuliza maisha yangu yote na sijapata jibu, na sasa nadhani sitaki kulipata.

Samaki hao walidumu kwa sababu watu wa mlima ule hawakuwataka. Huko ni kwa viazi, maharage na maziwa, na wazee hawapendi harufu ya samaki karibu na kibuyu cha maziwa. Tulipopita na fimbo zetu walitutazama kama watu wanaokwenda kuvua vyura. Na njia yetu ilipita katikati ya shamba la Veneranda.

Wakati ule hakuwa mzee sana, ila watu walishaanza kumwita Mukecuru, yaani bibi, kwa sababu ya jinsi alivyokutazama. Alikuwa mjane. Alikuwa na shamba la viazi linaloshuka hadi mtoni, na ng'ombe mmoja mwekundu aitwaye Bihogo. Ujanani aliuza karoti Goma, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa kile cha mpakani. Sisi tulipita pembezoni mwa shamba lake kiangazi baada ya kiangazi. Mimi nilimpungia mkono. Mzee Kambale alivua kofia. Wageni walipita wakitazama chini wasikanyage viazi, na walidhani hiyo ndiyo adabu yenyewe.

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe. Kiangazi kimoja, mchana, Monsieur Albert alimpata samaki ambaye tulikuwa tumemwona misimu kadhaa chini ya jiwe kubwa, jike mzee mwenye mstari mwekundu ubavuni kama mshono. Alimleta taratibu. Akalowesha mikono kabla ya kumshika, kama nilivyowafundisha ninyi, maana mkono mkavu unamvua samaki ngozi. Akamwinua karibu na uso wake, akamnong'oneza maneno, akambusu kichwani. Halafu akamwachia, akabaki amepiga magoti majini akitazama alikoenda.

Mimi nilikuwa nafuta machozi, nasema ukweli. Nilipogeuka nilimwona Veneranda juu, kwenye matuta ya viazi, amesimama na jembe. Alikuwa ameona kila kitu.

Siku chache baadaye Bihogo aliharibu mimba. Na tuliporudi na mgeni mwingine, tulikuta tawi bichi la mkaratusi limelazwa katikati ya njia. Kule mlimani tawi njiani halihitaji maelezo: njia imefungwa. Hakuna aliyeliruka.

Meneja wa wakati huo alikuwa mtu wa suluhisho za haraka. Akasema tupite ng'ambo ya pili, kuna kichochoro. Mzee Kambale akatikisa kichwa. "Ukipita kwa dirisha, we ni mwizi, hata kama hujaiba. Mama mwenyewe atafungua mulango, ao basi." Meneja akasema basi. Mapema, kiangazi kikiwa bado kina wiki nyingi, mimi nikarudi kwenye mapazia.

Sijui kama ninyi mmewahi kupewa kitu halafu mkanyang'anywa. Kijito kile ndicho pekee nilichokijua chenye trauti. Bila njia ya Veneranda hapakuwa na kazi. Nilikaa nyuma ya mashuka nikikanyaga cherehani na kila nilipokunja upindo niliona mikia mitatu ya wadudu wale. Nililia kwa hasira. Nilimkasirikia Veneranda, nikamkasirikia ng'ombe, nikamkasirikia na Monsieur Albert na busu lake.

Mzee Kambale alinikuta hivyo. "We unapendaka kuuliza," akasema. "Umemuuliza?"

Sikuwa nimemuuliza. Basi Jumapili baada ya misa nikapanda mlimani bila fimbo, kwa viatu vya kanisani. Veneranda alinipokea vizuri mno. Alinipa maziwa ya mtindi, akaniuliza habari za watoto, habari za Karagwe, habari za bei ya viazi mjini. Kuhusu njia hakusema kitu. Nikarudi Jumapili nyingine, na nyingine. Siku moja nilimwambia nimesikitika kwa ajili ya Bihogo.

"Daktari wa mifugo alikuya," akasema. "Alisema ni ugonjwa, alituma dawa. Iko na haki. Mi si mujinga, Mama Espe. Samaki haiwezi kutoa ndama ya ng'ombe."

"Sasa tawi la nini, Mukecuru?"

"Ule muzungu alimwambia samaki nini?"

Mimi niliyefumua kila pindo, niliyegeuza kila jiwe la kijito kile, sikuwa nimemuuliza Monsieur Albert alimwambia samaki nini. Niliona ni siri yake.

"Sijui," nikasema.

"Siku utajua, uniambie," akasema Veneranda, akanijazia kikombe.

Mvua zilikuja, zikaenda. Kiangazi kilichofuata Monsieur Albert alirudi akiwa na mkongojo. Alisema daktari wake hakutaka asafiri kabisa, na kwamba miguu ile haitamleta mwaka mwingine. Aliomba kitu kimoja, amwone tena yule jike mzee wa chini ya jiwe. Ilibidi nimwambie habari ya tawi. Alisikiliza, akawa mwekundu hadi shingoni. Akauliza kama yule mama anakubali kutembelewa.

Tulipanda watatu, yeye, Mzee Kambale na mimi, pikipiki tatu kwa mfululizo na mkongojo ukiwa umefungwa nyuma kwa mpira. Fimbo tuliiacha hotelini. Veneranda alikuwa anachambua maharage mbele ya nyumba. Majirani walituona tukija, na kwa namna watu wa mlimani wanavyojua, punde walikuwa wamejaa kwenye ua, kila mmoja na sababu yake. Mmoja alikuja kuazima kiberiti, na kiberiti chake kilionekana mfukoni.

Veneranda hakuzunguka. "Mama Espe, muulize. Alimwambia samaki nini?"

Nikamtafsiria. Monsieur Albert alitazama mkongojo wake, akatazama majirani, akajibu polepole, na mimi nikageuza maneno yake mbele ya wote: alimwambia samaki, samahani mama, kwa kukusumbua, asante, nenda salama.

Veneranda akaweka ungo wa maharage chini.

"Donc ule muzungu alimwomba samaki pardon," akasema. "Alimwita samaki mama. Alimwambia samaki asante, nenda salama. Na mimi? Miaka yote anapita kwa shamba yangu, anakanyaga udongo yangu. Hata siku moja hajaniambia bonjour."

Sikutaka kutafsiri. Mzee Kambale alinigusa kiwiko, nikatafsiri, neno kwa neno. Niliona yakimwingia. Na yalikuwa yameniingia mimi kwanza, kwa sababu kumpungia mtu mkono ukiwa umebeba mizigo ya wageni si salamu, ni kufukuza nzi. Tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi mgeni tulimleta, lakini kwa mwenyeji hatukumfikisha.

Monsieur Albert alinyanyuka. Ilimchukua muda, na hakuna aliyemsaidia, kwa sababu ilionekana hataki. Akavua kofia, akaenda hadi mbele ya Veneranda, akanyoosha mkono wa kulia huku wa kushoto ukishika kiwiko, kama alivyotuona tukifanya hotelini. "Mwaramutse," akasema. Ilikuwa jioni inaingia. Hiyo ni salamu ya asubuhi.

Ua mzima ulipasuka kwa kicheko. Veneranda naye alicheka, akajifuta macho kwa ncha ya kitenge, lakini mkono hakuuachia. "Yewe! Sasa ni Mwiriwe. Mwaramutse ni ya asubuhi." Halafu akafikiri kidogo. "Lakini haiko mubaya. Ile ya asubuhi anayo deni ya miaka mingi. Aseme zote."

Akazisema zote. Kisha tukaletewa benchi, lile mnalolijua, na maziwa, na viazi vya kuchemsha vyenye chumvi. Tulikaa hadi baridi ikaanza kushuka kutoka msituni. Tulipoaga, Veneranda alitusindikiza mpaka njiani, akainama, akalishika tawi lile la mkaratusi ambalo lilikuwa limekauka likawa kuni tupu, akalitupa kando.

"Kesho mukuje," akasema. "Lakini mupite hapa kwanza."

Kesho yake tulipita, tukakaa, tukanywa, tukashuka. Mtaniuliza kama Monsieur Albert alimpata yule jike mzee. Hakumpata. Mvua zilikuwa zimelisogeza lile jiwe, na chini yake palikuwa na changarawe. Alikaa ukingoni mchana kutwa na fimbo magotini. Tuliporudi juu alimwambia Veneranda kwa Kinyarwanda alichofundishwa asubuhi hiyo kwamba siku imekuwa nzuri. Hakuja tena. Alituma kadi hotelini mara moja, ndani yake kukiwa na salamu za Mukecuru kwanza, za samaki pili, zangu tatu. Sikukasirika, huo ndio mpangilio.

Tangu siku ile hakuna mgeni wangu aliyelowesha kidole kabla ya kukaa kwenye benchi. Wengine hutazama saa. Mmoja aliniambia hakuvuka bahari aje kunywa maziwa. Nilimjibu kwamba samaki wetu hawana miadi, wangemsubiri, na kweli walimsubiri, na hawakumgusa siku nzima. Sidai kwamba mambo hayo mawili yanahusiana. Nasema nilichokiona.

Mzee Kambale yuko kwake Goma na wajukuu, macho yake hayaoni tena tundu la ndoano. Siku alipoacha kazi alinifungulia lile jiliwa la chuma kutoka kwenye meza, akalifunga kwenye gazeti, akaniwekea kiganjani kama mtu anayenipa mbegu. Huwa ananipigia simu, hata siku ambazo mpaka ni mgumu kuvuka. Haulizi habari yangu kwanza. Anauliza, "Maji iko na rangi gani?" Claudine, jiliwa hilo liko kwenye droo ya chini ya meza ya kufungia nzi. Ni lako sasa. Usilitie rangi.

Nimalizie na siku yangu ya mwisho kazini, ambayo hamkuwepo. Niliomba isiwe na mgeni. Nilipanda peke yangu, nikakaa kwenye benchi, nikaletewa maziwa. Veneranda sasa ni Mukecuru kweli, mgongo umeinama. Bihogo alishakufa siku nyingi. Anayefungwa nyuma ya nyumba ni mjukuu wa Bihogo, mwekundu vilevile. Nilimwambia nimekuja kuaga. Akaniomba nimshike mkono, ateremke na mimi.

Miaka yote ile hakuwahi kushuka tukivua. Alisimama juu siku zote, na jembe au bila jembe. Tulienda kwa hatua fupi, tukipumzika kwenye matuta. Nilimkalisha kwenye jiwe, nikageuza mawe mawili kwa mazoea tu, nikafunga nzi mdogo wa kijivu. Mkono haukukimbia. Niliuacha uzi umalize kuongea nyuma, nikaurudisha mbele, na samaki mdogo, si mrefu kuliko kiganja, akauchukua.

Nilimleta. Veneranda alilowesha mikono bila kuambiwa, akainyoosha. Nikamwekea samaki ndani. Sijui alitarajia nini, ila alishtuka kwa baridi yake, akatabasamu kama msichana. Kisha akainama, akamsogeza karibu na mdomo, akamwambia kitu. Akafungua mikono, na yule akaenda zake.

Nilikuwa nalia, na sikuona haya. Lakini safari hii niliuliza.

"Mukecuru, umemwambia nini?"

Akapangusa mikono kwenye kitenge. "Nimemusalimia," akasema. "Miaka yote tuko majirani, na sijawahi kumusalimia."